Anti wa Mitandao: Nihame, nibaki, au mguu huku mguu kule?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na swali lile lile, watu wamechoka na mitandao ya makampuni makubwa wanasikia kuna ile inayoendeshwa na watu wenyewe, wanataka kujua ni kweli au ni stori za vijiweni. Nimechagua sita. Mliouliza kuhusu kudukuliwa WhatsApp subirini toleo lijalo, na yule aliyeniuliza mambo ya mchumba wake wa Himo, mpenzi msomaji, mimi ni Anti wa mitandao, Anti wa mapenzi yuko ukurasa wa nyuma.

Shikamoo Anti. Mimi napandisha wageni mlimani, nilianza kama mgumu nikabeba mizigo miaka, sasa hivi naongoza. Nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa, wafuasi karibu elfu tisa, picha za kila msimu. Siku moja naamka naambiwa akaunti imefungwa umekiuka masharti, masharti gani hawasemi, nimekata rufaa inanijibu mashine. Mgeni mmoja Mjerumani akaniambia njoo Mastodon, huko hamna bosi. Nimeingia naambiwa chagua seva, nikachanganyikiwa nikatoka. Hii kitu ni nini na je nihamie? — Mgumu Mstaafu, Soweto, Moshi

Marahaba mwanangu, na pole sana, hizo picha zimeniuma hata mimi.

Huyo mgeni wako anasifia ya kwao maana Mastodon aliianzisha Mjerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016. Ila hapo kwenye "hamna bosi" kakupamba kidogo. Mabosi wapo tena ni wengi, kila seva na wake, tofauti ni kwamba ni wadogo wadogo, wana majina, unaweza ukawaandikia wakakujibu, na wakikushinda unaondoka na watu wako. Hiyo ya mwisho ndo ishu yenyewe, mengine yote ni mbwembwe.

Iko hivi. Mastodon sio kampuni moja yenye jengo moja, ni programu ya bure, mtu yeyote mwenye ujuzi anaichukua anaiweka kwenye kompyuta yake iliyounganishwa intaneti, hiyo ndo inaitwa seva. Kuna seva za wapiga picha, za wanasayansi, za mji fulani, za lugha fulani, maelfu. Zote zinaongea lugha moja ya kimtambo inaitwa ActivityPub, ilipitishwa rasmi Januari 2018 na W3C, wale wanaopanga viwango vya wavuti duniani. Kwa hiyo ukiwa seva A unamfoloo mtu wa seva B bila shida yoyote, posti zake zinakuja kwako kama kawaida. Jina lako linakuwa na vipande viwili, lako na la seva, ndo maana wanakuuliza uchague mwanzoni.

Sasa kuchagua. Usikae wiki nzima unapekua, maana unaweza kuhama baadaye. Angalia vitu vichache tu: ukurasa wa kanuni upo na unaeleweka, mwenye seva anajitaja, na anasema hela inatoka wapi. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti ya Mastodon wenyewe zimekubali ahadi fulani, bakapu kila siku, watu wasiopungua wawili wenye uwezo wa kuingia mitamboni kukitokea dharura, na wakitaka kufunga wanawaambia watu angalau miezi mitatu kabla. Hiyo ahadi sio mapambo. Mwanzoni mwa 2023 kuna seva iliitwa mastodon.lol, watu kama elfu 12, mwenyewe akachoka na ugomvi na matusi akatangaza anafunga, lakini watu wakapewa muda wa kuhama na wafuasi wao. Wewe ulipewa muda gani?

Kuhama kwenyewe ukoje: unafungua akaunti mpya kwenye seva nyingine, kwenye mipangilio unaielekeza ile ya zamani kwa hii mpya, wafuasi wanahamishwa wenyewe bila kubonyeza kitu. Orodha ya unaowafoloo unaipakua kama faili unaipandisha kule. Lakini posti za zamani na picha HAZIHAMI, zinabaki seva ya zamani, hili watu wengi hawaambiwi wanakuja kulia baadaye. Na kuna kingine kibaya zaidi, ili uhame lazima uwe bado unaweza kuingia kwenye akaunti ya zamani. Ukifungiwa na admini, au seva ikafa usiku mmoja bila taarifa, wafuasi wamekwenda na maji kama ilivyokutokea safari hii. Kwa hiyo usiingie huko ukidhani umefika peponi. Picha zako weka kwenye diski yako mwenyewe, tena mbili, moja iache nyumbani kwa mama.

Kuhusu wageni, kwa kazi yako nadhani inalipa kujaribu, maana Wajerumani na Wazungu wengine wa Ulaya wapenda milima wako huko kweli. Ila hamna mashine ya kusukuma posti yako kwa watu wasiokujua, posti zinakuja kwa mpangilio wa muda tu, kwa hiyo bila alama ya reli (#) hakuna atakayekuona. Andika Kilimanjaro, andika jina la njia, Machame, Lemosho, Marangu, andika hali ya hewa ya leo Barafu ikoje, watu wa huko wanapenda kitu cha kweli kutoka kwa mtu aliyepo. Na kila picha iandikie maelezo kwa ajili ya wasioona, kule wasipoyaona maelezo wanakununia. Ukianza na "karibu ubuki nasi bei nafuu" mara nne kwa siku watakubloku na admini atakuita. Kama picha ndo kazi yako kubwa kuna Pixelfed, inafanana na Instagram ila iko kwenye mtandao huo huo wa ActivityPub, mtu wa Mastodon anakufoloo akiwa huko huko kwake.

Mwisho, tengeneza katovuti kadogo kenye jina lako, namba na picha kumi. Hizi akaunti zote ziwe zinaelekeza hapo.

Anti habari za kazi, mimi nauza batiki na vitenge Kilombero hapa Arusha, wateja wangu wote wananipata Instagram na status ya WhatsApp. Mdogo wangu ananiambia nifunge nihamie huko kwa wananchi, ananiona wa kizamani. — Mama Batiki

Nzuri mama. Usifunge. Wateja wako hawako huko, na mama wa Njiro anayetaka kitenge cha send-ofu Jumamosi hatajifunza seva ni nini kwa ajili yako. Mdogo wako mwambie Anti kasema. Ila jioni ya leo chukua daftari, andika namba za wateja wote wa kudumu kwa mkono, jina, anapenda rangi gani, ana deni au hana. Siku Instagram ikikuletea shida hilo daftari ndo duka lako.

Binti yangu, nakuita Anti kwa sababu gazeti linasema hivyo ingawa huenda nimekuzidi umri. Sisi ni kikundi cha wakulima wa kahawa na migomba huku Kibosho, tuko kama 140. Grupu la WhatsApp limejaa picha za salamu za asubuhi na sala, bei ya kahawa ikitumwa inapotea baada ya dakika kumi. Mjukuu wa mwenyekiti anasoma kompyuta Arusha, anasema atatuwekea seva yetu wenyewe ya Mastodon, itakuwa mali ya kikundi. Kamati imegawanyika, wengine wanasema ni ubunifu wengine wanasema ni kutafuta posho. — Katibu, Kibosho

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa hiyo kamati niseme tu pande zote mbili zina pointi.

Nyie watu wa mlimani hili jambo mnalijua kuliko huyo kijana. Mfongo wenu, ule mfereji wa maji, unatoka msituni huko juu, unapita mashamba ya watu, una kamati, kila kaya ina siku yake ya maji, na ikifika siku ya kuusafisha asiyetokea analipa faini. Hakuna kampuni inayowauzia yale maji, lakini pia hakuna anayekuja kuuzibua mkilala. Seva ya kikundi ni hivyo hivyo, kuchimba sio kazi, kazi ni kuusafisha kila mwaka wakati mwenye ari ya mwanzo ameshahamia mjini. Basi hapo waulizeni kijana na kamati maswali ya mfongo.

Nani ana funguo? Ikiwa nywila zote anazo yeye peke yake hiyo sio mali ya kikundi, ni mali yake mnaitumia. Akipata kazi Dodoma, au mkagombana na mwenyekiti kwenye mambo ya mirathi, Mungu apishe mbali, mnabaki mnaangalia skrini. Watu wasiopungua wawili wawe na nywila, na nakala ikae kwenye bahasha kwa mweka hazina.

Nani analipa na analipa nini? Kompyuta ya kukodi ya kubeba watu 140, yenye RAM ya GB 2 hadi 4, bei nyingi ziko kati ya dola 10 na 25 kwa mwezi, ukigawa kwa watu wote ni hela ndogo kuliko mchango wa harusi. Juu ya hapo kuna jina la tovuti kila mwaka. Lakini kuna gharama inayotambaa ambayo wengi hawaijui, seva ya Mastodon inatunza nakala za picha zinazokuja kutoka seva nyingine ambazo watu wenu wanawafoloo, diski inajaa yenyewe hata nyie msipoposti kitu, kwa hiyo lazima mtu apange iwe inajisafisha kila baada ya siku kadhaa. Kijana muulizeni hilo, akijibu vizuri mpeni nusu ya imani, nusu nyingine subirini.

Jina la tovuti chukueni la .tz, msishawishike na majina ya bei rahisi ya nchi msiyoijua. Februari 2024 kulikuwa na seva jina lake linaishia na .af, hizo ni herufi za Afghanistan, Taliban walipoamua kulizima jina ndo ikawa basi, jina lote likafa na anuani za watu wote pamoja nalo.

Kisha sheria, hapa msiende kwa kuhisi. Mkishakuwa na seva yenye majina na namba za watu nyie mnatunza taarifa binafsi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 2023, ina tume yake na ina habari ya kujisajili. Pia kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano nchini, za 2020 na marekebisho yake. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, katibu panda gari nenda na barua ya kikundi kaulize kabla hamjawasha kitu, ni nauli tu. Na jiulizeni siku mwanachama akiandika tusi la kumchafua mtu nani atafuta, saa ngapi, na kwa kanuni ipi. Kuchuja maneno ya watu ndo kazi inayowamaliza maadmini duniani kote, wengi wanaofunga seva hawaishiwi hela, wanaishiwa uvumilivu.

Sasa maoni yangu, maana umeniuliza mimi. Shida uliyoitaja, bei kupotea kwenye salamu, haihitaji seva. WhatsApp hiyo hiyo fungueni grupu la pili ambalo maadmini peke yao wanaandika, bei na tarehe za kupeleka kahawa zikae humo, mpaka kesho asubuhi mmeshamaliza. Salamu za asubuhi ziacheni kule kwa zamani, wazee wanazipenda. Seva ina maana kama mnataka kitu kingine kikubwa zaidi, mfano maarifa yenu ya kutibu kutu ya majani na kupogoa yabaki hadharani miaka, na wakulima wa Meru au hata wa Ethiopia waweze kuwasoma na kuwajibu. Kama hilo lipo kichwani mwenu, anzeni na akaunti tano tu kwenye seva ya watu wengine iliyosimama vizuri, mwende nayo msimu mmoja. Mkiona watu wanaandika kweli ndipo mchange. Na kijana mlipeni jamani, hiyo sio kutafuta posho, mbona fundi wa pampu mnamlipa.

Anti mambo vipi, X haifunguki mpaka VPN, wananiambia Mastodon hawawezi kuifungia coz iko kila mahali. Ni kweli hiyo? — Chalii wa Sakina

Poa, ingawa kwa Anti huwa inaanza shikamoo, nyie watoto wa Chuga nimeshawazoea.

Nusu kweli. X, ile Twitter ya zamani, ilipozimwa hapa Mei 2025 lilikuwa ni jambo la kuzuia jina moja la kampuni moja. Mastodon ina maelfu ya majina, ukizuia moja watu wa seva nyingine wanaendelea, kwa hiyo kuifunga yote ni kazi ngumu. Lakini seva yako wewe ikizuiwa, wewe umezuiwa, kuwa zingine ziko hewani haikusaidii mpaka uhame. Na intaneti yenyewe ikizimwa kama ilivyokuwa Oktoba 29 2025 siku ya uchaguzi na baada yake, hapo hakuna seva, hakuna Bluesky (mtandao mwingine unaofanana na X), hakuna kitu, yote inapita kwenye waya ule ule. Hata Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika hakuna aliyeuliza mtandao wako unaendeshwa na nani.

Hiyo VPN nayo, ile programu ya kukupitisha njia ya nchi nyingine, TCRA ilitangaza Oktoba 2023 wanaoitumia wajisajili, kwa hiyo ujue unachofanya. Mimi sikwambii fanya au acha, umri wako unatosha kusoma tangazo.

Shikamoo Anti, ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Tumeanza kutumia Mastodon walimu wachache kubadilishana maswali ya mitihani na wakati mwingine kujadili wanafunzi wenye matatizo nyumbani, tunatumia zile meseji za faragha. Ziko salama? — Mwalimu

Marahaba mwalimu. Hapana, na acheni leo.

Zile sio meseji za siri, ni posti za kawaida zinazoonyeshwa kwa waliotajwa tu. Hazijafungwa kwa ufunguo kama za Signal au WhatsApp, mwenye seva yako akitaka anaweza kuzisoma, na mwenye seva ya mwenzako pia. Halafu kuna mtego mmoja mbaya, mkiwa mnamsema mtu mkamtaja kwa anuani yake kamili, basi na yeye anaingizwa kwenye mazungumzo anayasoma. Fikiria ni mkuu wa shule! Tena hata ukifuta, seva yako inatuma ombi la kufuta kwa zingine, zingine zinatii zingine hazitii.

Mambo ya wanafunzi yapelekeni Signal, na majina kamili msiandike hata huko. Mastodon bakini na mbinu za kufundisha, vitini, picha za majaribio ya maabara, vitu ambavyo hata mzazi akiviona hamna neno.

Anti mimi nilijiunga Mastodon 2022 kipindi kile wote tunakimbia Twitter, nikakaa kama mwezi hivi naongea mwenyewe, nikarudi. Sasa wananiambia Bluesky, nimechoka kuhamahama jamani. Kwani kosa liko wapi? — Mwanachuo, Arusha

Hujakosea kitu, na hukuwa peke yako. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44 watu walimiminika Mastodon, mwisho wa mwaka ule wanaoingia kwa mwezi wakafika kama milioni 2.5, alafu miezi iliyofuata wengi wakaondoka kimya kimya kama wewe. Waliobaki ukiwaangalia ni waliohama na kundi lao, wanasayansi, mafundi wa programu, waandishi wa habari wa Ujerumani huko. Aliyehama peke yake akakuta ukumbi mtupu, na ule mtandao haukuletei wageni wa kukuburudisha usiku, kama hujafoloo mtu hamna kitu kinakuja. Wengine huwa wanalisifia hilo mpaka basi, mimi naona ni sifa na kasoro kwa pamoja.

Bluesky ilianza 2019 kama mradi ndani ya Twitter enzi za bosi wake Jack Dorsey, ikajitenga, Februari 2024 ikafungua milango kwa kila mtu bila mwaliko. Brazil walipoizuia X mwisho wa Agosti mwaka huo Wabrazili wakahamia kwa mamilioni, na Novemba ikapita watu milioni 20. Ni rahisi kuliko Mastodon, huchagui seva, kuna orodha za watu zilizopangwa tayari unabonyeza mara moja umefoloo hamsini. Lakini tukiongea ukweli, kwa sasa sehemu kubwa sana ya watu wake wako kwenye mitambo ya kampuni moja ya Marekani. Njia ya kuhama imejengwa ndani ya mfumo wake, jina lako unaweza kulifunga kwenye tovuti yako mwenyewe na hilo ni zuri, ila usiseme umetoka kwa makampuni, umeenda kwa kampuni iliyoahidi kukuachia mlango wazi. Na Threads ya Meta, wale wenye Facebook, nayo ilianza kuongea ActivityPub kidogo kidogo tangu Desemba 2023, kwa hiyo hata mipaka yenyewe imeanza kuchanganyika.

Ushauri wangu kwa mtu aliyechoka, usihame kwanza. Tafuta watu watano unaoongea nao kila siku kuhusu kitu kimoja, mpira, ushairi, kodi za hosteli, chochote, mkubaliane wiki moja na mtandao mmoja, mfungue siku moja mkiwa mmekaa pamoja mezani mfoloiane hapo hapo. Bando ya kuanzia sio kubwa, zima tu video zisijicheze zenyewe. Hao watano wakikataa, baki ulipo, na usifungue akaunti ya tatu ya kuongea na ukuta.